Kuchanganya spea za klachi kwenye Subaru WRX: mseto unaobeba na mseto unaovunja gia boksi

Mwenye Subaru WRX anayeingia Soko la Kisekka, soko la spea mjini Kampala, kutafuta klachi ana njia tatu: seti nzima ya orijino, seti nzima ya aftamaketi (isiyotoka kwa Subaru), au achanganye. Kuchanganya kunavutia kwa sababu mara nyingi kilichokufa ni kitu kimoja tu, na seti nzima ni pesa nyingi. Tathmini hii inapima miseto minne kwenye Impreza WRX na STI za gia tano zenye injini ya EJ20 ya lita mbili yenye turbo, yaani bodi za GC8 (ya miaka ya 1990) na GDA (iliyofuata). Msimamo wetu tunauweka mapema: diski (sahani yenye kitambaa kinachosugua) unaweza kuichanganya, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) pia kwa masharti, lakini presha pleti (inayoibana diski kwenye flaiwili) na beringi yake ya relizi (inayoiachia) lazima vitoke nyumba moja, yaani kampuni moja.

Magari haya yanastahili uangalifu huo. Tangu sheria ya mwaka 2018 ipige marufuku kuingiza Uganda magari yaliyozidi miaka 15, GC8 haziji tena. Zilizopo ndizo hizo, na gia boksi nzima ya gia tano inazidi kuwa adimu. Klachi iliyochaguliwa vibaya inaweza kuivunja jioni moja.

Tuanze na familia za klachi, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. WRX za turbo tunazozizungumzia hutumia klachi ya kuvuta: beringi ya relizi hunasa katikati ya vidole vya daiaframu, ile springi bapa ya presha pleti, na kuvivuta kuelekea gia boksi pedeli inapokanyagwa. Diski ina kipenyo cha milimita 230 na kitovu cha meno 24. Impreza isiyo na turbo ina klachi ya kusukuma yenye diski ya milimita 225. STI ya gia sita, yaani GDB, ni ya kuvuta lakini diski yake ni milimita 240. Halafu kuna WRX ya lita 2.5 ya kuanzia 2006 iliyouzwa nje ya Japani: diski yake ni 230, ila presha pleti ni ya kusukuma. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni ya Subaru, itaingia", muulize ni ya kuvuta au ya kusukuma kabla hujauliza bei. Diski ya 230 inaweza kufanana kabisa kwa macho huku presha pleti yake haifungi kazi kwenye gia boksi yako.

Sasa hesabu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha mseto upi una maana. Torki ambayo klachi inaweza kubeba ni zao la vitu vinne: nyuso mbili za diski, msuguano wa kitambaa chake, nguvu ya presha pleti kubana, na nusu kipenyo cha wastani cha sehemu inayosugua. Kwa diski yenye milimita 230 nje na 150 ndani, nusu kipenyo hicho ni kama mita 0.096. Chukua mfano wa mbano wa niutoni 7,000 na msuguano wa 0.3, ambao ni wa kawaida kwa kitambaa cha organiki, kile cha nyuzi na gundi. Unapata Nm 403. GDA ya Japani hutoa takriban Nm 333 na STI ya Version V na VI (toleo la tano na la sita la GC8) Nm 353, hivyo ipo akiba, lakini si kubwa. Msuguano ukishuka hadi 0.22 kwa sababu ya joto au oili, klachi hiyo hiyo inabeba Nm 296 tu, na hapo inateleza hata kwenye injini ambayo haijaguswa na mtu. Ongeza mbano kwa asilimia 25 na msuguano ubaki 0.3: Nm 504. Acha mbano wa mwanzo na uweke kitambaa kigumu cha seramiki chenye msuguano wa 0.4: Nm 538. Kwenye karatasi njia hizi mbili zinakaribiana sana, lakini barabarani zinatofautiana vibaya.

Mseto wa kwanza ni presha pleti mpya ya orijino na diski ya organiki ya aftamaketi. Hesabu imeshasema ukweli wake: mbano haujabadilika, kwa hiyo unachopata ni nyongeza ndogo ya msuguano na kitambaa kinachovumilia joto vizuri zaidi. Kwa gari lenye nguvu za kiwandani linaloendeshwa mjini na kupelekwa Mbarara wikendi, unatosha. Tatizo lake ni unene. Springi ya daiaframu haibani kwa nguvu ile ile katika kila nafasi. Diski ikiwa mpya, springi imekunjwa kupita kilele chake; diski inavyoisha, mbano hupanda kidogo kwanza, kisha hushuka. Diski nene kuliko iliyokusudiwa huanza na mbano mdogo, na vidole vyake husafiri kupita inavyotakiwa unapokanyaga. Diski nyembamba huanza vizuri ila hufika mwisho wake mapema. Pima diski mpya ya aftamaketi na diski mpya ya orijino kwa vernia (kifaa cha kupimia unene), zote mbili, pembezoni mwa kitambaa. Zikipishana zaidi ya nusu milimita, sisi tunaikataa.

Kipimo cha pili kwa mseto huu hakihitaji chombo chochote, na bado mafundi wengi hukiruka. Diski za aftamaketi mara nyingi zina springi nene kwenye kitovu. Funga flaiwili na boliti zake zote, weka diski juu yake ikiwa imeelekea upande sahihi, kisha izungushe kwa mkono. Ikigusa vichwa vya boliti za flaiwili, hata mguso mdogo tu, klachi haitaachia vizuri na utasikia msuguano wa chuma kila unapokanyaga. Hakuna urekebishaji wa pedeli utakaotibu hilo.

Mseto wa pili ndio tunaoupendekeza: presha pleti nzito ya aftamaketi pamoja na diski mpya ya organiki ya orijino, flaiwili ya kiwandani iliyosawazishwa uso, na beringi iliyokuja na presha pleti. Mbano unapanda, torki inapanda kwa uwiano ule ule, na klachi bado inashika polepole kwa sababu kitambaa ni kile kile. Ukipanda Naguru au Kololo katika msongamano, gari halitetemeki. Kwenye murramu unaweza kuiachia pedeli taratibu bila magurudumu kukurupuka. Exedy ya Japani, ambayo pia hutengeneza klachi za orijino za Subaru, huuza seti ya hatua ya kwanza kwa wazo hili hili: presha pleti nzito na diski ya organiki. Ukipata seti hiyo kamili na halisi, nunua, huna haja ya kuchanganya. Mseto huu una maana pale unapokuwa na diski ya orijino mpya mkononi, au presha pleti pekee ndiyo iliyopatikana.

Mipaka yake ni hii. Springi za kitovu cha diski ya orijino ziliundwa kwa torki ya kiwandani. Injini iliyoongezwa bustu (shinikizo la turbo) kidogo na kufika karibu Nm 420 itaishi nayo, ila ukivuka hapo kwa mbali, na ukazoea kuondoka kwa kishindo, springi hizo huanza kucheza kwenye vyumba vyake na mwishowe moja hutoka. Dalili ni mlio wa kugonga unapoachia na kukanyaga mafuta katika gia moja. Hapo diski inatakiwa yenye kitovu kizito zaidi, bado ya organiki.

Uzito wa presha pleti unasafiri hadi kwenye pedeli, na njiani unapita kwenye vitu ambavyo wengi huvisahau. Masta silinda na slevu silinda (pampu ya oili ya kwenye pedeli na ile ya kwenye gia boksi) zilizochoka, ambazo hazikuvuja na klachi laini, zitaanza kuvuja na nzito. Mpira wa hydroliki, ule unaopitisha oili, huvimba unapokanyaga, ukimeza sehemu ya mwendo uliotakiwa kufika kwenye uma unaosogeza beringi. Matokeo ni klachi isiyoachia kikamilifu, gia ya nyuma inayokwaruza, na fundi anayeilaumu diski isiyo na kosa. Weka mpira wenye wavu wa chuma, badilisha oili ya breki na klachi kwa DOT 4 mpya, na toa hewa yote kwenye slevu. Uma wenyewe ukaguliwe kwa tochi mahali unapozungukia. Ufa mdogo hapo utakuwa mkubwa ndani ya mwezi. Presha pleti nzito pia huongeza mzigo kwenye beringi inayozuia krenki kusogea mbele na nyuma. Usikae kwenye taa za Jinja Road umekanyaga klachi dakika nzima. Weka nyutro na uachie mguu.

Hapa ndipo sharti letu la nyumba moja linapata maana. Katika klachi ya kuvuta, beringi haiegemei vidole, imenaswa ndani yake kwa ringi ya chuma. Presha pleti ya kampuni moja na beringi ya kampuni nyingine zinaweza kunasa kwa mlio mzuri kabisa benchini, kisha ringi ikakaa nusu kwenye mfereji wake. Siku inapoachia, pedeli inaanguka hadi sakafuni na gia haziingii kabisa. Gia boksi lazima ishuke tena. Kwa kuokoa bei ya beringi moja, umelipa kazi nzima mara mbili.

Mseto wa tatu, diski ya seramiki yenye vipande sita juu ya presha pleti ya orijino, tunaukataa kwa gari la barabarani. Unauzwa kama njia rahisi ya kufika nguvu kubwa, na ni kweli Nm 538 za mfano wetu zinapatikana, pedeli ikabaki laini. Lakini seramiki haina katikati: ama imeachia, ama imeng'ata. Eneo lake la kugusa ni dogo, kwa hiyo joto la kila kuondoka hujikusanya kwenye vipande vichache na kuacha madoa ya bluu kwenye flaiwili na kwenye uso wa presha pleti ya chuma cha kawaida. Madoa hayo ni chuma kilichogeuka kigumu. Yakishatokea, gari hutetemeka kila linapoanza kutembea, na kukata uso wa flaiwili mara nyingi hakuyatoi yote. Msongamano wa Kibuye saa kumi na moja jioni ni mazingira mabaya kuliko yote kwa diski hii.

Ubaya mkubwa uko kwenye gia boksi. Gia tano ya Subaru ya turbo inajulikana dunia nzima kwa udhaifu wa meno ya gia za chini. Klachi ya organiki inapoteleza kidogo wakati wa kuondoka kwa nguvu inameza mshtuko. Seramiki, hasa yenye kitovu kisicho na springi, inaupeleka wote kwenye meno. Katika gari linaloshindana Pearl of Africa Uganda Rally lenye gia boksi iliyoimarishwa, seramiki ni chaguo halali, ila hapo presha pleti, diski na flaiwili vinanunuliwa pamoja na kuhesabiwa kuwa vitu vya kuisha. Kwa GC8 ya kwenda kazini, chagua klachi itakayoteleza kabla gia haijavunjika.

Mseto wa nne ni flaiwili nyepesi na klachi ya orijino. Flaiwili ya kiwandani ina uzito wa karibu kilo 10. Nyepesi za chuma cha kromoli huwa kilo 5 hadi 6. Injini inapanda na kushuka haraka, na kubadilisha gia kunanoga. Hata hivyo EJ20 haina nguvu nyingi kabla turbo haijaamka, na flaiwili nzito ndiyo inayoibeba pale chini. Ukiipunguza, utaongeza mafuta na kutelezesha klachi zaidi kila unapoondoka mlimani, na joto hilo linakula diski. Mlio wa gia boksi nyutro, kama mawe ndani ya kopo, ni wa kawaida kwa mseto huu na si ugonjwa. Kwenye uwanja wa mashindano wa Busiika, ndiyo. Kwa gari la familia, hapana. Flaiwili za aluminiamu zenye uso wa chuma uliofungwa kwa skrubu tuziweke kando kabisa.

Kuna jambo moja ambalo halimo katika miseto hii minne na halipaswi kuwamo: diski kuukuu iliyopigiwa kitambaa kipya kwa riveti. Kwenye pikapu ya kubeba matoke inaweza kuvumilika. STI ya Version V inafika mizunguko 8,000 kwa dakika, na kitambaa kikipasuka kwenye mwendo huo kinaweza kutoboa nyumba ya klachi. Diski ya mtumba iliyotoka na injini ya Japani nayo ipimwe: kina kutoka uso wa kitambaa hadi kichwa cha riveti kikiwa kimebaki milimita 0.3, imekwisha, hata kama inaonekana safi.

Unapoenda Kisekka, nenda na vernia na diski ya zamani. Pima kipenyo, hesabu meno ya kitovu, na ikiwezekana jaribu kitovu kwenye shafti ya gia boksi yako: kiteleze bila kukwama na bila kucheza pembeni. Bandia hujionyesha kwenye riveti zisizo sawa, springi za kitovu zinazocheza zikitikiswa kwa mkono, na namba iliyochapwa kwa wino mahali ambapo halisi imegongwa kwenye chuma. Boksi lisikudanganye, boksi ndilo rahisi kuiga.

Kufungua kuna siri moja ya klachi ya kuvuta. Ubavuni mwa nyumba ya klachi kuna plagi inayofunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10. Nyuma yake ndipo ilipo shafti ya uma. Ingiza boliti ya M6 kwenye uzi wake, uivute nje, kisha uutenge uma na beringi kabla ya kushusha gia boksi. Anayelazimisha kwa nondo huvunja uma au vidole. Gia boksi ikiwa chini, angalia bomba ambalo beringi huteleza juu yake. Kwenye gia tano huliwa na kupata ngazi. Beringi ikikwama kwenye ngazi hiyo, hata klachi bora itakuwa nzito na yenye mikwaruzo. Kuna mirija ya chuma ya kufunika sehemu iliyoliwa, na ni bei ndogo kuliko nyumba nyingine ya klachi.

Oili sili ya nyuma ya krenki ibadilishwe sasa, pamoja na beringi ya pailoti iliyo katikati ya flaiwili na kushika ncha ya shafti ya gia boksi. Chunguza pia kifuniko cha kutenganisha mvuke wa oili kilicho nyuma ya flaiwili: kama ni cha plastiki, weka cha chuma. Kile cha plastiki hupinda na kuvujisha oili taratibu hadi kwenye diski mpya. Hakikisha pini za kulenganisha injini na gia boksi zipo, hasa kama injini ilibadilishwa. Bila pini hizo shafti inakaa upande kidogo na kitovu cha diski huvunjika bila sababu inayoonekana.

Flaiwili isawazishwe kwa jiwe la kusaga, milimita 0.2 hadi 0.3 tu. Katwe, mjini Kampala, wapo wanaoweza, ila mwambie fundi asiache mistari ya kisu cha mashine. Kama flaiwili yako ina ngazi kati ya uso wa diski na uso wa boliti za presha pleti, zikatwe zote kwa kipimo kimoja. Ukikata uso wa diski peke yake, klachi mpya inaanza maisha ikiwa kana kwamba imeshalika. Boliti za flaiwili hukazwa Nm 72, za presha pleti Nm 16 kwa zamu za msalaba, kidogo kidogo, na za nyumba ya klachi Nm 50. Futa mafuta ya kinga kwenye uso wa presha pleti kwa dawa ya kusafishia breki. Grisi kwenye meno ya shafti iwe nyembamba, na inayobaki ipanguswe, kwa sababu itarushwa kwenye kitambaa. Ukishaunganisha gia boksi, vuta uma kwa nguvu: beringi ikiwa imenasa kweli, haitoki.

Diski ya organiki inahitaji kilomita 500 hadi 800 za kuondoka na kusimama ili kitambaa na chuma vikubaliane. Barabara ya Entebbe Expressway haihesabiki, kwa kuwa klachi iliyoshika haijisugui. Mizunguko ya mjini ndiyo kazi yenyewe, bila bustu kubwa. Baada ya hapo jaribu kwenye mlima mrefu: gia ya nne, mizunguko 2,500, kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko ukiruka huku mwendo ukibaki pale pale, achia mara moja na utafute oili kwenye nyumba ya klachi kabla ya kulaumu spea. Kisha simama, kanyaga klachi, hesabu hadi nne, ingiza gia ya nyuma. Ikikwaruza, hewa imebaki kwenye hydroliki au mpira unavimba, na hayo yanarekebishwa gia boksi ikiwa juu.